Jumatano Nayo Ina Haki Yake

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipoona kwamba maradhi yamemlemea na umri unakaribia ukingoni, alimtungia binti yake wasia ambao watu wa mwambao wetu hawajaacha kuusoma tangu ulipotungwa, yapata mwaka 1858, hata hivi leo. Lau angetaka kusimulia makuu, alikuwa nayo tele. Mumewe alikuwa mtawala aliyeshindana kwa miaka mingi na Sayyid Said wa Unguja, na habari za vita hazikuwa ngeni masikioni mwake. Lakini mauti yalipomsogelea, hayo yote aliyapita kando, na baada ya kumhimiza bintiye kushika dini na kumcha Mwenyezi Mungu, akaigeukia nyumba: namna ya kuuzuia ulimi, namna ya kuwa mwaminifu, namna ya kuweka chumba safi na kukifukiza, namna ya kumwacha mtu aliyelala apate usingizi wake. Kila nikiufikiri wasia ule naona kwamba mama yule, akiwa amesimama mahali ambapo mtu hana tena haja ya kumpendeza yeyote, alijua jambo ambalo sisi wa zama hizi tunalisahau upesi, nalo ni kwamba imani ya mtu haina maskani nyingine isipokuwa ile siku isiyo na jina, ambayo mtu huamka, hula, hufanya kazi, husali, huzungumza na ahali yake, kisha hulala.

Sisi watu wa pwani tunajua kuziheshimu siku. Arusi ikikaribia, kadi za mchango huzunguka mtaa mzima, vikao vikakaliwa, sare zikashonwa, mapambo yakakodiwa, na mtu ambaye jana alishindwa kununua daftari la mwanawe leo akatoa kwa moyo mkunjufu fungu la kumwondolea aibu. Idi mbili zina nguo zake na mapishi yake. Maulidi yana halua yake, kahawa yake na marashi yake. Hitima ina pilau yake. Sizilaumu siku hizo hata kidogo, kwani ni katika hizo jamaa waliotawanyika hukutana, na maskini hushiba, na walionuniana hupeana mikono. Ninalolalamikia ni kwamba heshima yote tumeimaliza huko, tukaziacha siku nyingine zote zipite bila taadhima yoyote, kama msafiri wa jahazi anayezihesabu bandari peke yake na kuiona bahari iliyo kati ya bandari hizo kuwa si kitu, ilhali safari yake karibu nzima imo baharini. Siku za fahari hazitimii kumi katika mwaka wa mtu wa kadiri. Akiwa furaha yake ameiweka katika hizo tu, basi amejihukumu mwenyewe kuishi mwaka mzima akingoja.

Kwa hiyo nataka kuizungumza siku moja katika zile zisizosifiwa, na kwa makusudi nimeichagua Jumatano. Haina khutuba, haina mapumziko. Iko katikati ya juma, mbali na Ijumaa na mbali na Jumapili, siku ambayo mishahara haijatoka, wageni hawatarajiwi, na hakuna mtu anayeulizwa kesho yake imekwendaje. Nyumba nitakayoitaja ni yangu, katika mji wa Tanga, huku Ngamiani kwenye barabara zinazoitwa kwa hesabu. Wala si nyumba ya ajabu, na msomaji akiona inafanana na yake ndivyo nipendavyo.

Siku ile huanza tangu usiku wake, kwa kuwa mchele wa vitumbua hurowekwa jioni. Kabla ya adhana ya alfajiri mama watoto ameshausaga kwa tui na iliki, ameutia sukari na hamira, ameufunika kando ya jiko uumuke. Na nikirudi msikitini nasikia mlio wa mafuta katika chuma chenye vishimo, mlio ambao nikiusikia popote duniani nitajua ni asubuhi. Mkupuo wa kwanza aghalabu hung'ang'ania, kwa sababu chuma hakijashika moto sawasawa, na vitumbua vile vilivyochanika ndivyo vinavyoliwa pale pale jikoni na watoto wanaojifanya wamekuja kuchukua maji. Mkupuo wa pili hutoka vizuri. Mama watoto hutazama ukingo wa kitumbua, ukingo ukianza kuachana na chuma na kupata rangi ya asali hukiingizia kijiti, akakigeuza kwa mkupuo mmoja wa kifundo cha mkono, kikazunguka kizima katika kishimo chake bila kumwaga tone. Mimi nimekaa naye miaka mingi, na hata sasa naweza kusimama mlangoni nikautazama ustadi ule kwa raha ile ile ambayo watu wengine huitafuta kwa kulipa kiingilio. Yeye mwenyewe haoni kuwa kuna cha kutazamwa. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: aliye ndani ya neema huiona kuwa kazi tu, na apitaye karibu nayo huona ni mahali pa kupita, mpaka mmoja asimame.

Halafu kuna salamu. Kila mtoto aamkaye hupita kwa wakubwa wa nyumba, mmoja mmoja, kwa shikamoo, na kila mkubwa humwitikia marahaba. Yuko mdogo wetu ambaye hupenda kupita mara mbili kwa bibi yake kwa kuwa marahaba ya bibi hufuatwa na dua. Wako wasemao kwamba salamu hizi ni mazoea yasiyo na maana, mdomo husema na moyo haumo. Yamkini asubuhi nyingi ni hivyo. Lakini mdomo uliokwisha kuzoea njia hiyo, siku moyo utakapokuwa na jambo la kusema, utaijua njia ya kupita. Na nyumba ambayo watu huamka wakapishana kimya, kila mmoja na simu yake usoni, siku ya msiba au ya toba watahangaika kutafuta neno la kuanzia.

Mama yangu mzazi ni mtu mzima sana, macho yake yamefifia na magoti yamemkataa, naye anaishi nasi. Wakati wa adhuhuri kijukuu chake kirudicho shule humletea beseni na birika, kikamtawadhisha. Hakuna aliyempa kazi ile. Aliianza mwenyewe siku moja dada yake alipokuwa ametoka, na tangu hapo akaidai kuwa haki yake. Humimina maji juu ya viganja vya bibi, bibi akasukutua, akavuta maji puani, akaosha uso. Kisha mkono wa kuume mpaka kiwikoni, kisha wa kushoto. Akapaka maji kichwani na masikioni. Na mwisho mtoto huchutama akaiosha miguu ile iliyovimba, akipitisha vidole vyake vidogo kati ya vidole vya bibi, kwa sababu bibi alimwambia kwamba maji yasipofika hapo udhu haujatimia. Akikosea mpango, bibi humrudisha kwa upole: "Bado mkono wa kushoto, baba." Mwalimu wake wa chuoni alipofika katika mlango wa tohara, mtoto yule alijua kila kitu, na mwalimu akauliza amefundishwa na nani. Hakuwa amefundishwa. Alikuwa amemwaga maji.

Mimi nasema kwamba katika kitendo kile, ambacho hakichukui hata robo saa, mna elimu ya dini, na huruma kwa wazee, na unyenyekevu, na adabu ya kugusa mwili wa mtu dhaifu bila kumvunjia staha, vyote vikiwa vimefungwa pamoja kiasi kwamba huwezi kukichomoa kimoja ukakiacha kingine. Mahubiri mengi mazuri nimeyasikia katika umri wangu, nami namshukuru kila aliyenihubiria, lakini sijui hubiri ambalo lingemfanya mtoto wa miaka minane aipiganie nafasi ya kuiosha miguu ya mtu mzee.

Tena ukiitazama dini yenyewe kwa utulivu, utaona kwamba imejengwa juu ya siku kama hizi. Mwislamu asalipo sala zake tano za faradhi hutimiza rakaa 17, na katika kila rakaa huisoma sura ile ile ya Alhamdu, maneno yale yale aliyoyasoma jana na atakayoyasoma kesho akijaliwa. Na ajabu iliyoje, siku ya Ijumaa, iliyo bora ya siku zote, aendaye msikitini husali rakaa mbili mahali pa nne za adhuhuri, rakaa zake zikawa 15. Jumatano yetu hii nyonge ndiyo inayobeba hesabu kamili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokwenda kumzuru Saad bin Abi Wakkasi aliyekuwa mgonjwa na kudhani kwamba anakufa, na Saad akawa anataka kuitoa mali yake nyingi sadaka, alimzuia asipite thuluthi. Kisha akamfahamisha kwamba lolote analolitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu lina thawabu, hata tonge alitialo kinywani mwa mkewe. Mtu alitaka shauri la mali na mauti, akajibiwa kwa habari ya tonge.

Jirani zetu Wakristo nao, ambao wengi wao huku ni watu wa Muheza na Usambara, katika sala yao iliyo mama wa sala humwomba Mungu riziki ya siku ile, si ya mwaka; na Injili yao, inayosimulia kwa urefu miaka michache ya mwisho ya Nabii Isa, juu ya miaka yapata 30 aliyoishi katika mji mdogo wa Nazareti, katika nyumba ya seremala, karibu haina neno. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia barazani kwamba zamani kimya kile kilimtatiza, akitamani kujua zaidi, na sasa anakiona kuwa ni faraja: miaka ile haikusimuliwa kwa kuwa ilikuwa kama yetu. Neno lake nimelihifadhi.

Sasa nafika mahali ambapo sitaki kupita upesi, maana hapo ndipo sifa za nyumba huharibika zikawa dhuluma. Wasia wa Mwana Kupona mzigo wote wa furaha ya nyumba umemtwika mke, na si haki kumshutumu, kwa kuwa alikuwa mama akimsalimisha binti yake katika ulimwengu ule alioujua. Lakini wako wanaume wanaousoma leo wakafurahi mno, wakaona kwamba raha ya nyumbani ni kitu ambacho mwanamume hurudi akakikuta kimetandikwa. Mtu wa namna hiyo hukaa mbele ya sinia, akasema alhamdulillahi kwa sauti, wala asijue kwamba aliyepika amesimama tangu saa kumi za usiku. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini awapo nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipowadia alitoka kwenda kusali. Na habari nyingine zinasema akiishona nguo yake, akivitia viraka viatu vyake, akimkama mbuzi wake. Mtu aliyekuwa na umma mzima wa kuuongoza, na wajumbe wakimngojea, na vita mipakani, alikuwa na wakati wa kushona kiatu. Basi karani, mvuvi, fundi, mfanya biashara na mwandishi wa makala haya wana udhuru gani?

Nasema haya kwa mkazo kwa sababu nimeona kwamba furaha ya nyumbani haigawanyiki kwa namna ya mmoja kuitengeneza na wengine kuila. Mume akiketi juu ya mbuzi akakuna nazi, wanawe wakamzunguka wakiiba chicha, mkewe akapata nafasi ya kukaa kitako akiupepeta mchele na kucheka, pana jambo linalozaliwa mle jikoni ambalo halizaliwi mume akiwa barazani akingoja kuitwa. Wazee wetu waliona fedheha mwanamume kuonekana jikoni. Fedheha hiyo naiona imekwisha muda wake, na katika nyumba nyingi za vijana nafurahi kuona kwamba imekwisha kweli.

Na kazi za watoto pia zina nafasi katika siku hii. Mtoto hutumwa dukani: sukari nusu kilo, majani ya chai, kiberiti. Hupewa noti mkononi na kuambiwa arudi na chenji. Njiani kuna wenzake wanaocheza, kuna muuza ubuyu, kuna mbwa wa kuogopwa katika kona ya pili. Akirudi na sukari bila kupasua mfuko, na chenji ikiwa imetimia ndani ya kiganja kilicholowa jasho, mama huihesabu mbele yake na kumwambia ahsante, baba. Tazama uso wake wakati ule. Ameaminiwa kwa mali ya nyumba, amepita katika majaribu, amerejesha amana. Benki haimpi mtu mzima fakhari kubwa kuliko ile. Na siku chenji ikipungua kwa thamani ya kifuko kimoja cha ubuyu, na ulimi ukawa mwekundu, hapo tena pana mlango wa kufundisha ukweli na msamaha, ambao mzazi mwenye busara hataufunga kwa bakora.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Iko nyumba ambayo Jumatano maana yake ni kwamba unga umekwisha tangu Jumatatu. Iko nyumba ambayo baba hutoka kwa daladala la kwanza na kurudi watoto wamelala. Iko nyumba yenye mgonjwa asiyepona, au mume asiyerudi, au kitanda kidogo kilichobaki kitupu. Sina haki ya kumwambia mwenye nyumba hiyo afurahi. Ridhaa si dawa ya kumlaza mwenye njaa ili asidai haki yake, na anayewahubiria maskini kutosheka, huku yeye akiwapunja ujira, ameifanya imani kuwa kufuli. Mshahara wa haki, dawa katika zahanati, na saa za kazi zinazomwezesha mtu kuwaona wanawe wakiwa macho, ni sehemu ya jambo hili hili ninalolizungumza, na mwenye kuipenda Jumatano ya nyumbani kwake hana budi kuipigania ya jirani yake.

Lakini nimeona pia, nikiwa mtu niliyekulia katika nyumba isiyokuwa na kitu, kwamba maskini wenyewe hawasubiri matajiri wawape ruhusa ya kucheka. Mama yangu alitulea kwa kuuza mihogo ya kuchoma jioni, na usiku tulipokuwa tumeketi gizani kwa kuokoa mafuta ya taa alituambia hadithi za Sungura na Fisi, akibadilisha sauti, hata jirani akagonga ukuta akiomba asimulie kwa nguvu zaidi naye apate kusikia. Sikumbuki tulikula nini nyakati zile. Hadithi nazikumbuka zote.

Shaaban Robert, mwenyeji wa mkoa wetu huu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kutuacha mwaka 1962, alikuwa karani kwa sehemu kubwa ya maisha yake: tangu mwaka 1926 katika idara ya forodha, na baadaye katika ofisi nyingine za serikali. Kazi ile ilikuwa ya madaftari, mihuri na kuhamishwa hamishwa. Na mtu yule yule, mbali na meza ya ofisi, aliwatungia wanawe tenzi za wasia, akiwashauri juu ya mwenendo na heshima na kumjua Mungu. Wengi husifu kipawa chake, nami nakisifu. Lakini mimi hukishangaa zaidi kitu kingine, kwamba mtu aliyekuwa akipokea amri za wengine mchana kutwa hakurudi nyumbani akiwa na hasira tu, bali aliona kwamba mtoto aliye mbele yake anastahili maneno bora aliyokuwa nayo. Baba wengi huyatumia maneno yao bora kazini na barazani, na nyumbani hufikisha makombo.

Katika saa zote za siku, iko moja ambayo naona inafaa kulindwa kuliko nyingine, nayo ni kitambo kilicho kati ya magharibi na isha. Kwa kuwa nchi yetu iko karibu na mstari wa Ikweta, jua letu huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, masika na kiangazi, kusi na kaskazi. Hatuna jioni za saa tano usiku wala giza la saa kumi alasiri kama watu wa Ulaya. Mwenyezi Mungu ametupa jioni isiyobadilika, ya urefu wa saa moja na robo hivi, ambayo nyumba nzima yaweza kuijua bila ya kutazama saa. Zamani kitambo kile kilikuwa cha watoto kusoma Kurani mbele ya mzee, na cha kula pamoja. Siku hizi tumekitawanya. Mmoja yuko tuisheni, mmoja anatazama tamthilia, mmoja yuko njiani, mmoja yumo chumbani na simu, na chakula hufunikwa kwa kawa kila mtu ajipakulie arudipo.

Waulizeni watu wa pwani kwa nini huupenda mwezi wa Ramadhani, mwezi wa njaa na kiu na usingizi mchache, hata wakalia unapoondoka. Watawatajia thawabu, na ni kweli. Watawatajia futari, muhogo wa nazi na tambi na uji wa pilipili manga, na hilo pia ni kweli. Lakini uji wa pilipili manga waweza kupikwa mwezi wowote, na haupikwi. Mimi naamini kwamba kinachotuliza mioyo katika mwezi ule ni miadi: kwamba kwa siku 29 au 30 kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, aliyegombana na asiyegombana, anajua kwamba jua likichwa atakuwa juu ya jamvi moja na wenzake, mkono ukiisubiri tende. Mwenye duka hufunga, mwenye boda boda huegesha, binti huacha simu yake mbali kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi. Kisha mwezi wa mfunguo mosi unaandama, tunavaa nguo mpya, tunapongezana, na siku ya tatu jamvi linakunjwa na kusimamishwa ukutani kwa miezi 11. Tumefundishwa na Ramadhani namna ya kuwa nyumba, tukalichukua fundisho kuwa ni la Ramadhani tu.

Shauri langu ni kwamba jamvi lisikunjwe. Kila nyumba ijiwekee miadi ya magharibi, Jumatano kwa Jumatano kama siku zote haziwezekani, kwa chakula chochote kilichopo, hata kama ni chai kavu na mkate wa jana. Asali kwanza anayesali, waketi wote, mdogo aanze kwa bismillahi, na kila mmoja aseme jambo moja aliloliona siku ile, liwe dogo namna gani. Katika nyumba yetu tumeanza hivyo tangu Idi iliyopita. Mwanzoni vijana walijibu "hakuna kitu" na kutazama mlango. Sasa imekuwa kazi kuwanyamazisha, na mama yangu, ambaye haoni vizuri tena, hutaka aelezwe kila jambo pamoja na rangi yake.

Walimu wa tuisheni wanaweza kutusaidia kwa kuwaachia watoto kabla ya jua kuchwa na kuwarudisha, kama ni lazima, baada ya isha. Walimu wa chuo waweza kufanya vivyo hivyo. Wenye vikao vya arusi, ambao kwa desturi huvipanga saa kumi na mbili jioni na kuvianza saa mbili usiku, wavipange tu hiyo saa mbili, wala hawatapoteza mjumbe hata mmoja. Na ndugu zetu wenye maduka ya mtaani, wakifunga kwa saa moja wakati wa magharibi Jumatano kama wafungavyo wakati wa futari, biashara yao haitapungua, kwa maana wateja wao nao watakuwa makwao wanakula, na sukari iliyohitajiwa mtoto ameshaifuata tangu alasiri.